Siku Kumi na Moja za Mkono wa Kulia

Fundi alikuwa hasikii. Hakuzaliwa hivyo, homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa na miaka sita, ikamwachia roho na kuondoka na masikio. Alipokua akajifunza kutengeneza makochi, na kazi hiyo ilimfaa, maana inataka mikono miwili na mdomo. Misumari midogo ya kupigilia kitambaa hubanwa kati ya midomo, kisha huchomolewa mmoja mmoja huku nyundo inagonga. Wateja walipenda kumtania mkewe: "Mumeo mdomo wake ni kopo la misumari." Mke hujibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Bora misumari. Wa kwako umejaa nini?"

Kwa lugha ya mikono Fundi alimwita mkewe Mwanya. Aligusa meno yake ya mbele kwa ncha ya kidole, basi, jina limekwisha. Na sisi tumwite hivyohivyo.

Mwanya alifika kwenye karakana ile mara ya kwanza akiwa msichana, amebeba kiti cha nyumbani kwao kilichochanika. Watu wengine wakigundua kwamba fundi hasikii walikuwa wakipiga kelele zaidi, au wakiandika kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa kama za mtoto. Yeye hakufanya hivi wala vile. Alivuta kigoda, akaigiza namna mjomba wake mnene alivyokikalia kiti kile, namna miguu ilivyotanuka, namna mjomba alivyobaki sakafuni na kikombe chake cha chai bado mkononi. Fundi alicheka, almanusura ameze msumari. Wiki iliyofuata Mwanya alirudi, safari hii bila kiti chochote.

Walikaa miaka ishirini na miwili. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa na karakana, vyumba viwili nyuma yake, na maongezi. Maongezi yao yalikuwa ya mikono miwili, mengine ya shule ya viziwi, mengine waliyoyabuni wenyewe, na Mwanya alikuwa na mikono ya kutia chumvi. Akisimulia ugomvi wa foleni dukani, ungewaona wagombanao wote watatu, na mbwa wao.

Ndugu wa karibu alikuwa mmoja, mdogo wake Mwanya, karani wa shule, ambaye Fundi alimwita Shemeji. Alikuja kila Jumapili kwa miaka yote hiyo, na kwa miaka yote hiyo alijua alama tatu tu: kula, njoo, na asante. Lingine lolote aligeuka kwa dada yake na kusema, "Hebu mwambie."

Ugonjwa ulianzia kwenye titi la kulia. Walikata, wakamtundikia dripu za dawa, nywele zikanyonyoka na zikaota tena, na miaka mitatu ikapita wakidhani yamekwisha. Ugonjwa uliporudi, Fundi ndiye aliyeuona kwanza, na aliuona kwenye maneno. Alama zinazofanywa juu ya bega zilianza kupotea. "Zamani" hurushwa nyuma ya bega. Mwanya akaacha kuzungumzia zamani. "Ndege", "mvua", "mrefu", vyote vikashuka hadi kifuani, halafu vikakoma. Fundi akamwuliza, "Mbona unaongea kama mtu aliyefungwa kwenye gunia?"

"Nimelalia mkono vibaya," Mwanya akasema.

Hakuwa ameulalia. Uvimbe ulikuwa umerudi kwapani, umeikaba mishipa ya fahamu inayotoka shingoni na kushuka mkononi. Alisema ni kama mtu anamimina maji ya moto kutoka begani, yanateremka ndani ya mfupa, yanatokea kwenye kidole cha mwisho.

Siku ya majibu walikaa wote wawili mbele ya daktari wa saratani. Mwanya ndiye aliyekuwa masikio ya mumewe kila mahali, benki, sokoni, kwenye vikao vya mtaa, na siku hiyo pia. Daktari alisema, "Hatuwezi kukata tena, mama. Tunahesabu miezi sasa, si miaka." Kisha akanyamaza ili mke amfasirie mumewe.

Mwanya aligeuka. "Amesema itachukua muda," akasema kwa mikono.

Fundi aliuona mkono ukijikwaa kabla ya neno "muda". Akautazama na uso wa daktari, haukuwa uso wa mtu aliyesema maneno hayo. Lakini akaitikia kwa kichwa. Alikubali kudanganywa, maana hakujua afanye nini na ukweli.

Wakarudi nyumbani na chupa ya mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne. Ilisaidia. Maji ya moto yalipoa, Mwanya akalala usingizi aliokuwa ameusahau. Ila maneno nayo yalilala. Angeanza, "Yule mteja wa kochi jekundu..." halafu mkono ukaanguka mapajani, macho yakafumba, na kochi jekundu likabaki hewani. Akiamka, hana habari kwamba alikuwa akisema kitu. Fundi angekaa mbele yake akisubiri sentensi imalizike.

Baada ya wiki mbili akagundua kwamba chupa haishuki inavyotakiwa. Mwanya alikuwa anaruka dozi ya mchana ili jioni, kazi ikiisha, awe macho wapige soga. Alikuwa anazungumza naye huku jasho linamtiririka na meno ameyauma. Fundi alijua ni hivyo alipomshika bega kwa utani, naye akajikunja kama karatasi iliyoguswa na moto.

Shemeji aliposikia alikuja juu. "Dada, unajitesa kwa ajili ya umbeya?"

"Si umbeya," Mwanya akajibu. "Nikilala mimi, nani anaongea naye? Wewe?"

Jumatatu yake Shemeji aliomba ruhusa kazini, akawapeleka hospitali.

Huko ndiko walikomkuta daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kitambaa cha maua, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kulaza watu wanaopasuliwa, na ambaye wagonjwa wa maumivu yaliyoshindikana walipelekwa kwake mara mbili kwa wiki. Alimwambia Mwanya atamchoma sindano juu kidogo ya mtulinga, mfupa wa chini ya shingo, pale mishipa ya mkono inapopita pamoja kama kamba za mzigo, aimwagie dawa ya ganzi. Akafanya hivyo huku akitazama kwenye kioo cha mashine. Dakika ishirini baadaye maumivu hayakuwepo. Mwanya alilia kwa raha, Fundi akalia kwa kumwona hivyo.

Kisha Mwanya akataka kumweleza mumewe jambo, na mkono haukuja. Ulilala pembeni yake kitandani kama wa mtu mwingine. Aliuinua kwa mkono wa kushoto, akauachia, ukaanguka pu kwenye godoro. Akajaribu kwa kushoto peke yake, na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye mswaki mdomoni.

"Itakaa hivi mpaka kesho," daktari akaeleza. "Ninaweza kuweka mpira mwembamba wa kupitisha ganzi polepole kila siku. Maumivu hutayaona tena."

"Na mkono?"

"Mkono utakuwa hivyo."

Hapo mtu na mkewe wakagombana, mbele ya daktari na Shemeji, ugomvi usiokuwa na sauti hata moja. "Kubali," alisema Fundi, mikono yake ikipigana hewani. "Nakutaka usiumwe. Usiseme kitu, ni sawa, nitakutazama tu."

"Mimi si picha ya ukutani," Mwanya akajibu kwa mkono wa kushoto, na ilimchukua muda mrefu kuisema sentensi hiyo. "Sitaki."

"Unataka kuumwa?"

"Nataka kuongea."

Shemeji hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa kwamba chumba kimejaa maneno na yeye peke yake yuko nje ya mlango. Ndiye aliyemfasiria daktari, kwa kubahatisha: "Nadhani hataki mkono ufe. Mume wake hasikii. Mkono ndio mdomo."

Daktari wa usingizi alivua kofia yake ya maua akaikunja mara mbili. Hakuwa ameambiwa hilo.

Siku mbili baadaye, ganzi ikiwa imeisha na maji ya moto yamerudi, alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nimewaza hivi," akasema. "Ganzi haichagui. Inazima maumivu na nguvu pamoja. Mofini haizimi nguvu ya mkono, ila ukiinywa inazunguka mwili mzima, inafika kichwani, ndiyo inakulaza. Sasa, mishipa ya fahamu yenyewe nayo ina vijilango vya dawa ya jamii hiyo, hasa pale penye uvimbe. Nikiweka mofini kidogo sana palepale penye mishipa, na ganzi nyepesi mno ya kuisindikiza, huenda maumivu yakapungua, mkono ukabaki wako na kichwa kikabaki chako."

"Huenda?" Mwanya akauliza.

"Huenda. Sitaki kukudanganya, maana hata sisi wenyewe hatujakubaliana. Wako waliopima wakaona inasaidia, wako walioona ni sawa na kudunga maji. Unaweza kuwashwa, kutapika, kusinzia. Siku ya kwanza utalala hapa tukitazama pumzi zako. Na mpira ukikaa mwilini unaweza kuingiza vijidudu."

Mwanya alimfasiria mumewe yote, hakuacha hata vijidudu. Fundi akauliza, "Angekuwa dada yake, angemfanyia?"

Swali likamfikia daktari. "Ningemwuliza dada anataka nini," akasema. "Na huyu nimeshamwuliza."

Wakamwekea mpira mwembamba kama uzi wa viatu chini ya mtulinga, na kichupa cha kusukuma dawa polepole kikaning'inia shingoni ndani ya mfuko wa kitambaa. Muuguzi alikuwa akimwuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Asubuhi yalikuwa manane. Mchana yakawa matano. Kesho yake aliinua vidole vitatu, vya mkono wa kulia, na kwanza hakuna aliyeona kwamba ni vya kulia, hadi Fundi aliposimama. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vizito, lakini vilikuwa hai. Mwanya aliinua mkono wa pili akauleta karibu na wa kwanza, na sentensi yake ya kwanza ya mikono miwili baada ya siku nyingi ilikuwa, "Shati umelivaa nje ndani."

Wakaenda nyumbani. Muuguzi alipita kila asubuhi kujaza kichupa na kutazama kidonda. Mwanya alikalia kochi lisilovishwa kitambaa, katikati ya karakana, sponji na springi zikionekana, akawa anaongea. Aliongea asubuhi, aliongea mchana. Kazi ilizorota, maana fundi asiyesikia hawezi kusikiliza na kugonga nyundo kwa wakati mmoja. Wateja waliokuja kudai makochi yao walimkuta amekaa kitako kama mtu aliye kwenye sinema. Aliwarudisha kwa ishara ya "kesho", na baada ya kuitazama ile sura hawakubisha.

Siku ya tatu Mwanya akampigia simu mdogo wake. "Chukua likizo uje. Utajifunza kuongea."

"Dada, mimi sina umri wa kujifunza tena."

"Una miaka thelathini na tisa, na mdomo wako haujawahi kupumzika. Hamishia kwenye mikono."

Shemeji alikuja na daftari. Alichora kila alama kwa kalamu, vijitu vidogo vyenye mishale, na Mwanya akamfundisha ishirini kwa siku. Vidole vyake vilikuwa vya mtu wa kupiga taipu, vya haraka na visivyo na habari. Alitaka kumwuliza Fundi, "Shemeji, umechoka?" akauliza, "Shemeji, umeoza?" Mwanya alicheka mpaka akashika kichupa chake kifuani. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshajua somo lile ni la nini.

Siku ya tano Fundi aliondoka katikati ya somo, akaenda nyuma ya nyumba akasimama kwenye kamba ya nguo. Mwanya akamfuata, polepole, akijishikilia ukutani.

"Sitaki kuongea naye," Fundi akasema. "Nataka kuongea na wewe."

"Najua."

"Basi mwambie aende kwake."

"Ana mikono mibaya," Mwanya akasema, "lakini ana moyo. Mvumilie."

Fundi akarudi ndani shingo upande. Shemeji, ambaye alikuwa ameona yote dirishani na kuelewa sehemu yake, alifungua ukurasa mpya bila kusema kitu.

Siku ya saba, Shemeji akiwa ametoka kununua mkate, Mwanya alimwita mumewe akae karibu. "Siku ile ya majibu," akasema, "daktari hakusema itachukua muda. Alisema ni miezi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Palepale. Mkono wako ulijikwaa."

Fundi alitegemea mkewe atafarijika. Lakini uso wa Mwanya ulibadilika, akampiga kifuani kwa ngumi, ile ya kulia, isiyokuwa na nguvu. "Ukajua, ukaniacha nibebe peke yangu? Siku zote hizi nakwepa, nachagua maneno, kumbe wewe unajua?"

"Nilidhani nakusitiri."

"Na mimi nilidhani nakusitiri wewe!"

Walikuwa wameishi miaka ishirini na miwili bila siri ya maana, na hiyo moja waliyoiweka waliiweka wote wawili, kila mmoja upande wake wa meza, wakila chakula kimoja. Mwanya akasema, "Niulize sasa. Uliza chochote." Fundi akauliza anaogopa nini. Akamwambia, na maelezo yale yalikuwa marefu, na mengine aliyafanya juu ya bega, akikunja uso kwa uchungu lakini akiyafikisha. Mkate ulipofika walikuwa bado wanaongea, Shemeji akauweka mezani akatoka tena.

Siku ya kumi na moja asubuhi muuguzi alifunua bandeji akakuta ngozi nyekundu na ya moto, na Mwanya alikuwa na homa. Hospitalini daktari wa usingizi alitazama, akauma mdomo, akauchomoa mpira ule siku hiyohiyo. Walipambana na homa kwa dawa za kuua vijidudu, ikashuka. Daktari alijaribu kuchoma tena sindano ileile, mahali pengine, bila kuacha mpira. Ya kwanza ilimpa nusu siku. Ya pili haikumpa kitu.

"Uvimbe umekua," alisema. "Umeizunguka mishipa. Dawa haipenyi, au inapenya haitoshi. Sijui ni ipi, mama. Nisiseme najua."

Maumivu yakarudi na nduguze. Mwanya aliyavumilia siku tatu. Siku ya nne alimwita daktari mwenyewe. Kulikuwa na dawa nyingine, daktari alisema, isiyolaza mishipa bali inayoiua. Maumivu yanakwisha, mkono haurudi. Alimwambia waziwazi kwamba haurudi.

"Nipe nusu saa na mume wangu," Mwanya akasema.

Nusu saa hiyo hakusema mambo makubwa. Alisema uzi wa kijani uko kwenye kopo la biskuti. Alisema cherehani apewe mdogo wake, na asimpe mtu mwingine hata akilia. Alisema alale katikati ya kitanda, asilale pembeni kama anayemwachia mtu nafasi, maana hiyo humharibu mtu mgongo. Alikuwa anatetemeka, na alama nyingi zilikatikia njiani, Fundi akazimalizia mwenyewe. Mwishoni alimwita jina. Jina la Fundi mikononi mwake lilikuwa vidole viwili vikichomoa msumari midomoni. Akalisema mara moja, akalirudia, akalirudia tena, halafu akamwashiria daktari aje.

Aliishi siku tisa baada ya hapo, na mkono haukumwuma tena. Mofini ya kunywa alipewa kidogo kwa maumivu ya kwingine, na mara nyingi alikuwa macho. Kwa mkono wa kushoto alisema "maji", alisema "hapana", alisema "upo?" Mwanzoni Fundi alikaa upande wa kulia kwa mazoea, ameushika ule mkono, mpaka alipogundua kwamba Mwanya hajui kama umeshikwa. Akahamisha kiti. Alikuwa ameshika wa kushoto asubuhi ile muuguzi alipoinama kumtazama, akamgusa bega Fundi, akatikisa kichwa.

Kwenye mazishi watu walimpa pole kwa midomo, akawa anaitikia. Shemeji alisimama ubavuni pake akifasiri alichoweza. Mzee mmoja wa mtaani alizungumza robo saa juu ya marehemu, naye Shemeji akayafupisha yote kuwa, "Anasema alikuwa mzuri. Anasema sana." Ndiyo alama alizokuwa nazo.

Miezi miwili Fundi hakutaka kuongea na mtu yeyote kwa mikono. Shemeji akija Jumapili alimpa karatasi na kalamu, naye akaandika, akaondoka. Wakati mwingine akiwa mezani peke yake alijikuta anaeleza jambo, mikono inakwenda, habari ya mteja fulani au ya mvua, kisha akaona alipo akaiweka chini. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko vazi la mkewe lililobaki msumarini, kuliko chochote.

Mwezi wa tatu daktari wa usingizi alikuja karakana, bila kofia, na kiti cha ofisini kwake kilichopasuka sponji. Ilikuwa Jumapili, Shemeji alikuwepo. Daktari alisema kiti ni kweli kimeharibika, lakini ana jambo lingine pia. Angetaka kuwaeleza madaktari wenzake habari ya mkewe kwenye kikao chao, bila kutaja jina. Akaomba ruhusa.

Shemeji alifasiri. Fundi alikaa akikitazama kiti, akakigeuza chini juu, akabonyeza. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamjibu Shemeji kwa mikono. "Muulize atawaambia nini."

"Nitawaambia ilisaidia siku kumi na moja, ikaleta vijidudu, ikaacha kusaidia," daktari akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Wengine watasema siku kumi na moja si kitu, nisimwekee mtu mwingine. Na mimi mwenyewe kuna siku nafikiri hivyo. Ile homa ilimdhoofisha."

Shemeji alihangaika sana na maneno hayo. Alifungua daftari, akatafuta, akakosa, akatumia vidole kuhesabu hadi kumi na moja. Fundi alimsubiri amalize.

"Zilikuwa chache," akasema.

Daktari alitikisa kichwa kukubali. "Zilikuwa chache."

"Lakini mwambie aandike kwamba aliongea. Wasiandike tu kwamba maumivu yalipungua. Aliongea."

Shemeji alifasiri. Daktari alitoa kalamu akaandika nyuma ya risiti aliyokuwa nayo mfukoni, akamwonyesha Fundi, naye akasoma neno kwa neno, polepole kama alivyofundishwa shuleni, akairudisha. Walipatana kiti kitakuwa tayari Alhamisi. Daktari alipokwisha kuondoka, Shemeji alibaki mlangoni akifuta uso kwa kiganja. Kisha akageuka, akainua mikono yake ile ya taipu.

"Sikuelewa moja," akasema. "Kabla ya 'aliongea'. Ulifanya hivi. Ni nini?"

Fundi alitoa misumari mdomoni, akaiweka kwenye kisahani, akagusa tena meno yake ya mbele kwa ncha ya kidole, taratibu zaidi, ili aione vizuri.